CS (kujifungua kwa upasuaji) iliyopangwa Nairobi: mwongozo kamili, kuanzia kliniki hadi wiki ya sita

Akina mama wengi huandika mpango mzuri wa kujifungua, wakauchapisha na kuuweka ndani ya kijitabu cha Mama na Mtoto, kisha siku yenyewe hakuna kinachofuatwa. Mtoto anapelekwa pembeni, baba anabaki kwenye benchi, dripu inawekwa kwenye mkono uleule wa kumshikia mtoto. Mara nyingi hakuna aliyekataa. Shida ni kwamba maombi yalipelekwa kwa mtu asiyehusika.

Kliniki unakutana na daktari wa uzazi. Ndani ya thieta, anayesema kama unaweza kumlaza mtoto kifuani upasuaji ukiendelea ni daktari wa ganzi, na anayejua nani ataruhusiwa kuingia ni nesi msimamizi wa thieta. Hao wawili wengi huwaona kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wamelala mezani. Kazi kubwa ya mwongozo huu ni kukufikisha kwao mapema.

Haya yote ni ya CS iliyopangwa: mtoto amekaa vibaya, kondo limeziba njia, umewahi kupasuliwa, au sababu nyingine mliyokubaliana na daktari. Ya dharura ina mwendo wake, ingawa hatua ya 7 na ya 8 zinakufaa vilevile.

## Vitu vya kukusanya kwanza

Anza wiki ya 34. Usingoje wiki ya 38, kwa sababu uchungu hausomi kalenda.

Bahasha ya karatasi: kitambulisho chako na cha mwenzio, kijitabu cha Mama na Mtoto, matokeo ya damu (kundi la damu, Rhesus, hemoglobini), picha za skani, kadi au barua ya bima, na nakala tatu za ukurasa wa maombi utakaouandika katika hatua ya 3.

Begi la mama: leso tatu au nne, gauni mbili zinazofunguka mbele, chupi nne au tano kubwa zinazopanda hadi kitovuni, pakiti mbili za pedi za uzazi, slipa zisizoteleza, sidiria za kunyonyeshea, sabuni, taulo la rangi nyeusi, chupa ya maji yenye mrija, mto mdogo, na chaja ya waya mrefu.

Chupi hizo kubwa si suala la urembo. Kidonda kinakaa chini kabisa ya tumbo, pale ambapo lastiki ya chupi ya kawaida inakwaruza.

Begi la mtoto: nguo za mikono mirefu seti nne, kofia mbili, soksi, shali mbili, nepi pakiti moja ndogo, pamba na mafuta.

Hospitali nyingi za umma hukupa orodha yao ya ziada, hasa pamba kubwa, glavu, beseni na dawa ya kusafishia. Chukua orodha ya hospitali yako mwenyewe. Ya jirani aliyejifungulia Pumwani haitakusaidia ukienda Mbagathi.

Kifuko cha thieta: hiki ndicho husahaulika. Begi kubwa hubaki wodini. Tafuta mfuko mdogo safi, uandike jina lako kwa kalamu nzito, uweke kofia moja ya mtoto, leso mbili zilizofuliwa na kupigwa pasi, nepi moja, mafuta ya midomo na nakala moja ya ukurasa wa maombi. Mfuko huu anabeba mwenzio mkononi, au unapewa nesi anayekusindikiza.

## Hatua ya 1: Damu na pesa (wiki ya 28 hadi 34)

Katika CS mama hupoteza damu zaidi kuliko anayejifungua kwa njia ya kawaida. Ukiingia na damu kidogo, utatoka ukiwa hoi: kizunguzungu, kidonda kinachochelewa kupona, na hata nguvu ya kumshika mtoto huna.

Pima hemoglobini karibu wiki ya 28 na tena wiki ya 34 hadi 36. Kwa mjamzito, chini ya 11 ni upungufu. Vidonge vya madini ya chuma unavyopewa kliniki vimeze pamoja na chungwa au maji ya ndimu, mbali na chai kwa saa moja au mbili. Chai ya maziwa huzuia madini hayo yasiingie mwilini, na hapa ndipo wengi hukwama: wanameza kila siku, lakini wanasindikiza na kikombe cha asubuhi. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni vidonge.

Uliza pia hospitali inapata wapi damu. Baadhi hutaka ndugu wachangie mapema. Kama kundi lako ni Rhesus hasi, hakikisha hilo limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye faili, maana mtoto akiwa chanya utahitaji sindano ya anti-D (huzuia mwili wako usijenge kinga dhidi ya damu ya mtoto) ndani ya saa 72.

Kuhusu pesa, SHA (bima ya afya ya serikali) ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kujisajili peke yake hakutoshi, lazima michango iwe imelipwa. Angalia hali yako kwa *147# ukiwa bado na wiki kadhaa mkononi. Kiwango kilichotangazwa kwa CS ni shilingi 30,000 katika hospitali za ngazi ya 4 hadi 6. Hospitali ya binafsi ikitoza zaidi, tofauti ni yako.

Ukiwa na bima ya kazini, waombe wakuandikie kama CS ya kupangwa inalipwa na kikomo ni kiasi gani, kisha uulize barua ya kukubali malipo inatolewa siku ngapi kabla. Kwa kifurushi cha binafsi uliza swali moja tu, lakini ulibane: "Ni nini ambacho hakimo?" Mara nyingi daktari wa watoto, chumba cha watoto wachanga na damu hulipiwa kando, na bili huvimba hapo.

Ukiwa umeajiriwa, mpe mwajiri barua. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miezi mitatu ya likizo yenye mshahara kamili, na baba wiki mbili. Notisi ni angalau siku saba.

## Hatua ya 2: Ongea na wanaohusika (wiki ya 34 hadi 36)

Mwambie daktari wako wa uzazi hivi: "Naomba kuonana na daktari wa ganzi kabla ya siku ya upasuaji, na naomba kujua utaratibu wa thieta kuhusu mtu wa kunisindikiza." Katika hospitali nyingi za binafsi kuna kliniki ya ganzi, unapewa miadi. Katika hospitali za umma mara nyingi daktari wa ganzi huwapitia wagonjwa wodini jioni ya kuamkia upasuaji. Uliza ni lini na wapi, kisha hakikisha umeshalazwa anapopita.

Kwa daktari wa ganzi, mambo ya kumwambia ni haya: dawa zote unazotumia, za kienyeji zikiwemo, mzio wowote, shida ya mgongo, kama umewahi kupewa ganzi ikakusumbua, pumu, vidonda vya tumbo, presha. Kama unatumia aspirini au sindano za kuyeyusha damu, muulize uache lini hasa, maana ganzi ya mgongo ina masharti yake kwa dawa hizo. Wenye kisukari wanahitaji maagizo ya maandishi kuhusu insulini ya usiku na ya asubuhi.

Kisha mwulize maswali manne:

1. Mtoto akiwa mzima, anaweza kuwekwa kifuani mwangu kabla hamjamaliza kushona?
2. Dripu inaweza kuwekwa mkono nisiotumia sana?
3. Vibandiko vya mashine ya moyo vinaweza kuwekwa mabegani au ubavuni, kifua kibaki wazi?
4. Nikihisi maumivu makali, tutafanya nini?

Hayo matatu ya kwanza hayamgharimu mtu shilingi. Yanahitaji tu kujulikana kabla vibandiko havijabandikwa. Baada ya hapo hakuna anayetaka kuvibandua.

Kwa nesi wa thieta, uliza kuhusu msindikizaji. Hospitali kadhaa za binafsi jijini huruhusu mtu mmoja, akivalia nguo za thieta na kukaa upande wa kichwa chako. Za umma nyingi haziruhusu, kwa sababu za nafasi na wagonjwa wengine. Ukiambiwa hapana, usipoteze nguvu kugombana. Omba badala yake kwamba baba asimame mlango wa thieta ili ampokee mtoto kifuani mwake wewe utakapokuwa unashonwa.

Uliza pia kuhusu tarehe. Bila sababu ya kiafya, CS ya kupangwa hufanywa kuanzia wiki ya 39. Kabla ya hapo mapafu ya mtoto huwa hayajawa tayari sawasawa, na mtoto anayehema kwa shida anapelekwa chumba cha wachanga, mbali nawe. Anayekuomba wiki ya 37 kwa sababu ya harusi au safari ya daktari, mwulize sababu ya kitiba.

Utajua hatua hii imefaulu ukiweza kujibu bila kubahatisha: nani anaingia, mtoto anakwenda wapi akitoka tumboni, na uzazi wa mpango umeamua nini. Kama unataka kitanzi kiwekwe palepale au kufunga kizazi, uamuzi na sahihi vifanyike kliniki, si asubuhi ya upasuaji ukiwa na hofu.

## Hatua ya 3: Ukurasa mmoja

Zaidi ya ukurasa mmoja hausomwi. Weka jina lako, sababu ya CS, mzio, na kundi la damu juu kabisa. Kisha maombi sita au saba, kila moja mstari mmoja. Mfano:

- Naomba kuelezwa kinachoendelea, kwa sauti ya kawaida.
- Naomba pazia lishushwe kidogo mtoto anapotolewa, nione.
- Naomba kitovu kisikatwe kabla ya angalau dakika moja, mtoto akiwa sawa.
- Naomba mtoto akaushwe na kuwekwa kifuani mwangu. Nikishindwa, kifuani mwa baba.
- Naomba kumpima mtoto uzani na kumvisha nguo kusubiri.
- Mtoto asipewe maziwa ya kopo wala maji ya glukosi bila kuniuliza.
- Mtoto akipelekwa chumba cha wachanga, baba aende naye.

Andika "naomba", na "mtoto akiwa sawa". Nesi wa zamu akiona karatasi inayoamuru atajihami. Inayoomba na kuonyesha kwamba unaelewa mipaka huibandika mbele ya faili.

Nusu ya chini ya ukurasa iwe ya mambo yakigeuka. Ikilazimu upewe nusukaputi (dawa ya kukulaza usingizi kabisa), msindikizaji atatolewa nje, huo ndio utaratibu. Basi andika nani atakayemshika mtoto na nani atakayekusimulia baadaye. Mtoto akiwa chumba cha wachanga, andika kwamba unataka kusaidiwa kukamua maziwa ya kwanza kwa mkono ndani ya saa chache, hata yakiwa matone ya kujaza kijisirinji cha mililita 2. Ni machache na ni ya manjano. Ndiyo hayohayo.

Na uchungu ukianza kabla ya tarehe, au chupa ikapasuka, au damu ikatoka: acha kula na kunywa mara moja, piga simu wodi ya uzazi, nenda. Mwenye kondo lililoziba njia asingoje hata kidogo.

## Hatua ya 4: Jioni na usiku wa kuamkia

Chukulia upasuaji ni saa mbili asubuhi. Chakula cha mwisho kiwe saa nne usiku, kisicho na mafuta mengi: wali na supu, viazi, ndizi. Kanuni ya jumla ni saa sita bila chakula na saa mbili bila maji, lakini hospitali nyingi husema hakuna kitu baada ya saa sita usiku. Fuata ya hospitali yako.

Jambo linaloahirisha upasuaji wa watu ni chai ya maziwa na uji. Vyote viwili ni chakula. Sturungi bila maziwa, ikiruhusiwa, huhesabiwa kama maji. Sababu si ukali wa madaktari: ukilazimika kupewa nusukaputi, kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Oga kwa sabuni ya kawaida jioni na tena asubuhi. Usipake losheni tumboni. Usijinyoe huko chini nyumbani, kwa wembe hasa. Mikwaruzo midogo usiyoiona ni mlango wa wadudu kwenye kidonda. Kama nywele zinahitaji kuondolewa, watazipunguza hospitalini kwa mashine.

Ondoa rangi ya kucha, jeli na kucha za bandia angalau kwenye vidole viwili vya kila mkono, maana kifaa cha kupima oksijeni kinasoma kupitia ukucha. Hina nyeusi ya vidoleni nayo hukisumbua. Wigi inabaki nyumbani. Misuko ni sawa, ilalie chini ili kofia ienee na kichwa kisiinuke, bila vipini vya chuma. Pete, hereni, na shanga za kiunoni zitoke zote: mashine inayozuia damu hutumia umeme na chuma kinaweza kukuchoma.

Asiyelazwa usiku huo apange usafiri. Thika Road saa kumi na mbili na nusu asubuhi si ya kubahatisha, Mombasa Road ikinyesha ndiyo usiseme. Ukiambiwa ufike saa kumi na mbili, toka saa kumi na nusu.

## Hatua ya 5: Asubuhi kabla ya kuingia

Utavalishwa gauni la hospitali. Omba livaliwe lifunguke mbele, au kamba za mabegani zibaki legevu. Dakika moja ya kufunga gauni inaweza kukuzuia kumshika mtoto.

Utasaini fomu ya ridhaa. Isome. Kama kuna jambo usilolielewa au ambalo hukuliomba, uliza kabla ya kusaini. Utawekewa dripu (kumbusha mkono), utapewa dawa ya kupunguza asidi tumboni, na dawa ya kuzuia wadudu itachomwa kabla ya ngozi kukatwa. Mrija wa mkojo waweza kuwekwa sasa au baada ya ganzi. Omba baada ya ganzi, hutausikia.

Mpe nesi anayekupokea mlangoni nakala ya ukurasa na umwambie kwa mdomo jambo moja tu, lile unalolitaka kuliko yote. "Sista, nikiweza kumshika mtoto humo ndani nitashukuru sana." Karatasi huenda isisomwe. Sentensi moja hukumbukwa.

Upasuaji ukisogezwa kwa sababu ya dharura ya mwingine, jambo la kawaida, uliza kama unaweza kunywa maji hadi saa gani. Kukaa na kiu tangu usiku hadi saa tisa alasiri hakuna anayekulazimisha, ni vile tu hakuna aliyekumbuka.

## Hatua ya 6: Ndani ya thieta

Chumba kina baridi, taa ni kali, na watu ni wengi, wanane hivi au zaidi. Kila mmoja ana kazi. Watasema jina lako na operesheni yako kwa sauti kabla ya kuanza; ni ukaguzi wa usalama, jibu bila haya.

Ganzi ya mgongo. Utakaa kwenye ukingo wa meza, miguu ikining'inia juu ya kigoda. Kumbatia mto, shusha mabega, kidevu kiguse kifua, kisha sukuma kiuno nyuma kuelekea kwa daktari. Mgongo ukijikunja hivyo, nafasi kati ya mifupa hufunguka na sindano hupita mara moja. Anayenyooka kwa woga ndiye anayechomwa mara tatu. Uchungu wa tumbo ukikujia wakati huo, sema "ngoja kidogo" kabla ya kusogea, si baada.

Miguu itapata joto, kisha uzito, kisha haitasogea. Utalazwa ukiwa umeinamishwa kidogo upande wa kushoto ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa wa damu. Daktari atakujaribu kwa kitu baridi, kama pamba yenye spiriti, akipandisha kutoka mapajani hadi chini ya matiti. Jibu ukweli. Ukihisi baridi mahali, sema. Hakuna anayekata kabla ganzi haijafika.

Kichefuchefu au kuhisi unazimia dakika za kwanza maana yake presha imeshuka. Mwambie daktari wa ganzi papo hapo. Dawa inapita kwenye dripu na ndani ya dakika moja au mbili unatulia. Kutetemeka ni kawaida, hata usiposikia baridi.

Kumtoa mtoto. Mtoto hutoka kwa kawaida ndani ya dakika kumi za kwanza. Utahisi kuvutwa, kusukumwa, na uzito mkubwa chini ya mbavu mtu anapobonyeza juu ya tumbo. Huo msukumo unashtua, hata kwa aliyeambiwa. Maumivu makali kama ya kukatwa ni jambo jingine: sema kwa sauti, "Nasikia maumivu." Usivumilie. Ganzi inaweza kuongezwa dawa, na ikishindikana kuna nusukaputi.

Mtoto kifuani. Hapa ndipo maandalizi yote yanalipa. Mtoto akiwa analia na rangi yake nzuri, atakaushwa na kulazwa juu ya matiti yako, amelala mkingamo kwa sababu pazia limechukua nafasi ya chini. Kichwa kigeuzwe upande mmoja, pua na mdomo vionekane, shingo isikunjwe. Leso yenye joto imfunike mgongo, kofia kichwani. Mtu mmoja, baba au nesi, aweke mkono juu yake muda wote, kwa maana mikono yako inaweza kuwa dhaifu na meza ni nyembamba.

Ukianza kutapika au kuzimia, mtoe mara moja ampokee baba. Hujashindwa chochote, joto la kifua cha baba linatosha kumtunza mpaka utakapokuwa sawa.

Kushona huchukua nusu saa hadi dakika arobaini na zaidi kidogo, zaidi kama umewahi kupasuliwa. Mtoto akiwa kifuani, muda huo hausikiki.

Picha: uliza kwanza, na usipige nyuso za wahudumu.

## Hatua ya 7: Saa 24 za kwanza

Nyonyesha ndani ya saa moja, hata ukiwa bado chumba cha kuamkia. Mkao mzuri ni kulala ubavu, au mtoto apite chini ya kwapa lako, miguu yake ikielekea nyuma yako, ili asikalie kidonda. Baada ya CS maziwa mengi huweza kuchelewa kidogo, siku ya tatu hadi ya tano. Matone ya mwanzo yanamtosha. Nyonyesha mara nane hadi kumi na mbili kwa siku na utaona nepi zikilowa.

Dawa za maumivu kwa saa, si kwa maumivu. Hili ndilo kosa la wodini. Mama anakataa dozi ya saa kumi kwa sababu "nasikia vizuri", ganzi inaisha, na saa kumi na mbili analia. Maumivu yakishapanda, kuyashusha ni kazi mara mbili. Mwenye pumu, vidonda vya tumbo au presha amkumbushe nesi kabla ya diklofenaki.

Kuinuka. Miguu ikirudi, kati ya saa 6 na 12, uinuke na nesi kando yako. Usiinuke kwa kukaza tumbo. Geukia ubavu, shusha miguu, jisukume kwa kiwiko na kiganja, kaa kidogo mpaka kichwa kitulie, kisha simama. Mgongo utataka kupinda. Nyooka taratibu, mishono haitafunguka. Kutembea mapema huzuia damu kuganda miguuni na husukuma gesi. Ukikohoa au kucheka, bonyeza mto mdogo juu ya kidonda.

Gesi huwauma wengine kuliko kidonda, hata ikapanda begani. Kutafuna chingamu husaidia matumbo kuamka, na maji ya uvuguvugu. Soda ziache. Njahi (maharagwe meusi) za shosho nazo zisubiri siku mbili tatu, ingawa uji na supu vinaingia mara nesi anaporuhusu.

Mrija wa mkojo ukitolewa, uwe umekojoa ndani ya saa sita. Usipoweza, sema.

Kabla ya kuruhusiwa: mtoto amepata vitamini K, dawa ya macho, chanjo ya BCG (ya kifua kikuu) na polio, una notisi ya kuzaliwa yenye majina yaliyoandikwa sawa (cheti cha kuzaliwa kiombwe ndani ya miezi sita), na una maelezo ya maandishi kuhusu mishono, kama inatolewa au inayeyuka.

## Hatua ya 8: Wiki sita nyumbani

Garini, weka mto kati ya mkanda na tumbo, na mwambie dereva apite matuta polepole. Bodaboda hapana.

Usibebe kitu kizito kuliko mtoto. Kwa Nairobi hiyo ina maana moja mahususi: mtungi wa lita 20. Kama maji mtaani kwenu ni ya mgawo, panga mtu wa kupandisha kabla hujatoka hospitali. Anayekaa ghorofa ya nne bila lifti ashuke akiwa na sababu, apumzike kila ghorofa. Nepi, maji ya kunywa na chakula vikae kwa urefu wa kiuno, si sakafuni.

Kidonda kioge kwa maji na sabuni, kikaushwe kwa kugusagusa kwa kitambaa safi, kibaki kikavu. Hakuna Dettol, spiriti, poda, majivu wala dawa ya miti. Tumbo likikikunjia, lala chali mara kadhaa kwa siku kipate hewa.

Halafu kuna kukandwa. Mama mkwe au shangazi atafika na beseni la maji moto na leso ya kukufunga, kwa nia njema kabisa. Maji ya moto na kubonyezwa juu ya kidonda kibichi huunguza ngozi ambayo bado ina ganzi, na kufungwa kwa nguvu hukibana kikaloa jasho. Usibishane. Mwambie: "Mama, daktari amekataza tumbo mpaka wiki sita. Nisaidie mabega na mgongo, huko ndiko naumia." Anabaki na kazi, wewe unabaki salama. Na atakayesema hukuzaa bali ulipasuliwa, mpe mtungi apandishe.

Rudi hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri kliniki, ukiona:

- pedi inajaa ndani ya saa moja, au mabonge makubwa ya damu;
- homa ya 38 au zaidi, kidonda kinatoa usaha, kinanuka au kinafunguka;
- mguu mmoja umevimba na unauma, usiuchue; au pumzi inakata, kifua kinauma;
- kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, au maumivu chini ya mbavu, hata kama presha haikuwahi kukusumbua;
- kichwa kinachouma ukikaa na kupoa ukilala, ambacho ni cha ganzi ya mgongo na kina tiba;
- huzuni isiyoisha, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto.

Kliniki ya wiki ya sita nenda na mtoto kwa chanjo zake, na wewe upimwe. Ongea uzazi wa mpango kama hukuwekewa kitu. Kati ya kujifungua na mimba nyingine vizuri ipite miezi 18 hadi 24, kovu la ndani lishike. Omba ripoti ya upasuaji inayosema mfuko wa uzazi ulikatwa vipi na kama kulikuwa na tatizo. Mkato wa kulala, sehemu ya chini, ndio unaokuachia mlango wa kujaribu njia ya kawaida safari ijayo, na daktari wa wakati huo hataweza kuujua kwa kutazama kovu la nje. Piga picha ripoti hiyo, itume kwa barua pepe yako mwenyewe, na nakala ibaki ndani ya kijitabu.